Aliyeanza baada yangu ananizidi kilo 25: niache vipi kujilinganisha jimu?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina miaka 31, nafanya kazi ya ofisini Posta, jioni nafanya mazoezi kwenye jimu moja Sinza. Nilianza miezi minne iliyopita. Kuna dada mmoja alianza miezi miwili baada yangu, na sasa anapiga skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) ya kilo 60 wakati mimi bado nipo 35. Tunakutana karibu kila siku kwa sababu sehemu ya kupigia skwoti ni moja tu na tunapokezana. Wiki iliyopita nilijikaza nikaweka 50 akiwa pembeni, mgongo ukanikamata siku tatu. Sasa kuna siku nikimwona tu kwa ndani nageuza narudi nyumbani. Kioo nacho kinanimaliza. Nifanye nini niache kujilinganisha? Au nihame jimu?"

Jibu: Pole na mgongo, dada yangu. Tuanze nao, maana yote mengine yatakuwa kazi bure ukirudi kwenye chuma kabla haujapona.

Maumivu yanayobaki palepale kiunoni na kupungua kila kukicha mara nyingi ni misuli iliyoshtuka. Usilale kitandani kutwa. Tembea dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa siku, na usikubali mtu akukanyage mgongo kwa jina la kukuchua. Utarudi kwenye skwoti siku utakayoweza kukaa kwenye kiti kifupi, kuinuka bila kushika kitu, na kuinama ukafunga kamba za viatu bila mchomo. Lakini maumivu yakishuka mguuni kupita goti, au unyayo ukifa ganzi na kuwa mzito kunyanyua, nenda hospitali. Ukihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kilichokuumiza si kilo 50 zenyewe. Wapo wanawake wa umri wako wanaozitumia kupashia mwili moto. Tatizo ni kupanda kilo 15 kwa mkupuo mmoja, yaani asilimia 43 juu ya mzigo uliouzoea, tena jicho moja likiwa kwa jirani. Shingo ikigeuka huku chuma kiko begani, bega moja hutangulia, nyonga hufuata, na kiuno ndicho kinacholipa.

Hiyo 35 na hiyo 60 zimehesabiwaje?

Kabla hujaumia roho kwa ajili ya kilo 25, hakikisha kwanza kwamba zipo. Kwenye jimu zetu watu huhesabu kwa namna mbili: wengine hutaja pleti peke yake (zile sahani za uzito zinazovikwa pembeni), wengine hujumlisha na chuma chenyewe kirefu. Chuma cha kawaida cha wanaume kina kilo 20. Cha wanawake kina kilo 15, ni kifupi kidogo na chembamba zaidi, milimita 25 badala ya 28. Kama wewe unataja pleti tu na chuma ni cha kilo 20, basi 35 yako ni 55, na ikiwa yeye amejumlisha, pengo lenu lote ni kilo tano. Inawezekana pia ni kinyume na pengo ni kubwa kuliko unavyodhani. Kwa vyovyote vile, namba usiyojua imehesabiwaje haikwambii kitu.

Vyuma vilivyotengenezwa na mafundi wa mtaani vina mambo yake. Kimoja huwa kizito kuliko kingine, na pleti iliyoandikwa 10 kwa rangi nyeupe inaweza isifike 10 au ikapita. Omba mizani ya bafuni, ile ya kupimia watu. Simama juu yake ukiwa umeshika chuma, soma, kiweke chini, jipime peke yako, kisha toa. Fanya hivyo mara moja kwa chuma na pleti unazotumia, andika matokeo, na hutahitaji kurudia. Kama jimu yenu ina ile mashine ambayo chuma chake hupanda na kushuka kwenye reli, usilinganishe namba zake na za chuma huru: reli hukushikia mzigo usiyumbe, na uzito wa kuanzia hutofautiana kati ya mashine na mashine. Mashine za kamba na roda ni vivyo hivyo. Roda ikifungwa kwa mpango fulani mkono wako huvuta nusu tu ya uzito ulioandikwa, ndiyo maana mtu anaweza kuonekana shujaa kwenye jimu moja na akashindwa namba ileile kwenye jimu ya mtaa wa pili.

Kisha kuna kina. Anayekunja magoti robo tu atabeba mzigo mkubwa kuliko anayeshuka mpaka nyonga ifike usawa wa goti, kwa sababu ile sehemu ngumu ya kule chini haigusi kabisa. Sisemi dada wa watu anadanganya. Huenda anashuka vizuri kukuzidi. Ninachosema ni kwamba ukimtazama kupitia kioo, kutoka mbele, huwezi kujua. Hata yako mwenyewe huwezi kuijua kwa kioo. Weka simu upande wako, mita mbili au tatu kutoka ulipo, kwenye urefu wa nyonga, ujirekodi seti ya mwisho, yaani mzunguko mmoja wa kuinua mfululizo kabla ya kupumzika. Mstari wa nyonga na mstari wa goti utauona mwenyewe.

Na kuna maumbile, ambayo hakuna bidii inayoyabadilisha. Mwenye paja refu kuliko kiwiliwili analazimika kuinama mbele zaidi ili asianguke kwa nyuma, na kadiri anavyoinama ndivyo mgongo unavyofanya kazi kubwa kwa uzito uleule. Mwenye paja fupi hushuka wima kama anayekaa kwenye kigoda. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, panua miguu kidogo kupita mabega, elekeza vidole nje, na uweke visigino juu ya pleti mbili ndogo au kipande cha ubao cha sentimita mbili hivi. Au achana na chuma kwa wiki chache, shika dambeli moja (chuma kifupi cha mkono) kwa mikono miwili kifuani na upige skwoti hivyo; mzigo ukiwa mbele mwili hubaki wima wenyewe.

Miili pia haipokei mazoezi kwa kasi moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwachukua watu 585, wanaume kwa wanawake, ukawapa programu ileile ya kujenga mkono mmoja kwa wiki 12. Kuna ambao nguvu haikuongezeka kabisa, na kuna aliyeongezeka asilimia 250. Ukubwa wa msuli ulianzia kupungua asilimia 2 hadi kuongezeka asilimia 59. Mazoezi yaleyale, muda uleule. Ongeza hapo usiyoyajua kuhusu jirani yako: alicheza netiboli shuleni miaka mingapi, aliwahi kuinua vyuma kabla ya kujifungua akaacha, analala saa ngapi, chakula chake cha mchana ni nini. Aliyewahi kuwa na misuli huirudisha haraka sana kuliko anayeijenga mara ya kwanza, kwa hiyo hiyo "ameanza baada yangu" inaweza kuwa si kweli.

Kwa nini ni yeye, na si yule baunsa

Jimu yenu lazima ina baunsa anayeweka kilo 140 bila kutoa jasho. Hajakukosesha usingizi hata siku moja, sivyo? Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza sababu. Binadamu anataka kujua yuko wapi. Akiwa na kipimo cha wazi, hutumia hicho. Akikosa, huwatazama watu, na huwatazama wale wanaofanana naye, si walio mbali naye. Mwanamke wa rika lako, aliyeanza karibu na wakati wako, kwenye chuma kilekile: huyo ndiye rula iliyo karibu zaidi na mkono wako.

Kwa hiyo hii si kasoro ya moyo, wala si wivu wa kutubia. Umefanya mazoezi miezi minne bila kipimo chako mwenyewe, ukachukua cha jirani. Ndiyo maana ushauri wa "usimtazame tu, jali yako" haumsaidii mtu. Jicho likinyimwa kitu bila kupewa kingine, hurudi palepale. Lipe kipimo kingine, kiwe cha kweli na kiwe mkononi.

Daftari

Nunua daftari dogo la kurasa 48 na kalamu. Mimi napendelea karatasi kuliko programu ya simu kwa sababu moja: simu ukiifungua kuandika mara 8, dakika moja baadaye uko Instagram unatazama nyonga za watu wengine.

Kila zoezi mstari mmoja. Andika tarehe, zoezi, kilo pamoja na chuma, idadi ya mara katika kila seti, na akiba. Akiba ni mara ngapi zaidi ungeweza kuinua kwa usahihi kabla ya kushindwa. Hiki ndicho kipengele ambacho wengi hukiruka na ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote. Mwishoni mwa mstari weka maneno mawili matatu ya hali: umelala saa ngapi, umekula nini mchana, uko hedhini, umefunga. Mstari ukikamilika unasomeka hivi:

Jumanne. Skwoti 35: mara 8, 8, 7. Akiba 2, 2, 1. Usingizi saa 5. Mchana chapati na chai tu.

Mstari huu unakuambia kitu ambacho kilo 60 za mwenzio haziwezi: leo seti ya tatu imelegea, na sababu iko palepale pembeni. Wiki ijayo ukilala saa 7 na kula wali maharage na mayai mawili, utaona kama 7 itakuwa 8.

Sasa namna ya kupanda, ukianzia sifuri kwa sababu ya mgongo. Piga skwoti mara mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, seti tatu za mara 8. Wiki ya kwanza chuma kitupu cha kilo 20. Wiki ya pili 25, ya tatu 30, ya nne 35. Ukikosa akiba ya angalau mara 2, rudia wiki hiyohiyo kabla ya kuendelea, bila kujali nani yuko pembeni. Ukifika 35 usiharakishe kuongeza kilo. Ongeza mara kwanza: 8, kisha 9, kisha 10, mpaka seti zote tatu zifike 12 na akiba ya 2. Hapo ndipo unapoweka 37.5, kwa pleti za kilo 1.25 kila upande, ukiwa umerudi kwenye mara 8.

Jimu nyingi ndogo hazina pleti za 1.25. Ndogo kabisa ni ya 2.5, maana yake hatua ndogo kabisa ni kilo 5, na kwa mtu aliye kwenye 35 hiyo ni asilimia 14. Wengi hugonga ukuta hapa na kujiona dhaifu, kumbe tatizo ni pleti. Ukiwa umefika mara 12 kwa kweli, hatua ya kilo 5 utaimudu ukishuka mara 6 au 7 na kupanda upya.

Na kama unataka namba moja ya kufuatilia, kuna hesabu inayotumika sana: chukua kilo, zidisha kwa (1 + idadi ya mara gawanya kwa 30). Kilo 35 kwa mara 8 ni kama 44. Kilo 35 kwa mara 12 ni 49. Hizo ni kilo unazokadiriwa kuweza kuinua mara moja tu. Umeongezeka kilo 5 za nguvu bila kuongeza pleti hata moja, na mtu aliyekaa pembeni asingeona tofauti yoyote. Hesabu hii huanza kupotosha ukipita mara 10 au 12, kwa hiyo usiipigie kwa mara 20. Wala usiende kuijaribu 49 yenyewe. Huna sababu ya kujua.

Usilinganishe mwezi wa Ramadhani na mwezi wa kabla yake. Linganisha Ramadhani na Ramadhani. Wiki ya hedhi vilevile, kama huwa inakulegeza, ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Dakika mbili za kupumzika

Mtu hajilinganishi akiwa na chuma begani, labda awe mzembe. Hujilinganisha kwenye mapumziko. Ukipiga seti tatu za mazoezi matano na kupumzika dakika mbili kila seti, una nusu saa nzima ya kukaa bila kazi kwenye chumba chenye vioo. Nusu saa hiyo ndiyo ya kupangia.

Ukimaliza seti, andika kwanza. Kisha kunywa mafunda mawili ya maji, hasa kwa joto la Dar la kuanzia Desemba hadi Machi ambapo feni inazungusha hewa ya moto tu. Kisha fanya kitu kimoja cha mwili kinachosaidia seti inayofuata: kwa skwoti, chuchumaa bila mzigo sekunde 20, viwiko vikisukuma magoti nje. Ukisimama, dakika moja na nusu imekwisha. Saa ya kuhesabu iwe ya mkononi au ya ukutani, simu ibaki kwenye mkoba.

Sasa ile sehemu ngumu yenyewe, ambayo hukuitaja kwa jina lakini naiona kwenye swali lako: zamu. Yeye amemaliza, chuma kina pleti ya 20 kila upande. Ni zamu yako, na mbele yake unatakiwa uvue zile 20 uvalishe 5 na 2.5. Hapo ndipo aibu inapokaa, na nina hakika hapo ndipo ile 50 ilipozaliwa, kwa sababu kuvua kidogo kunaonekana afadhali kuliko kuvua zote.

Amua kilo kabla hujaingia jimu, ziandike kwenye daftari ukiwa bado kwenye mwendokasi au nyumbani, na ukifika kwenye chuma kazi yako iwe kusoma tu, si kuamua. Vua kwa utaratibu: legeza vishikizo vya pande zote mbili, toa upande mmoja, zunguka, toa wa pili. Kama kuna pleti kadhaa, toa moja huku, moja kule; ukimaliza upande mmoja wote huku mwingine umejaa, chuma kinaweza kupinduka na kumwangukia mtu mguuni. Halafu sema kitu. "Umebakiza seti ngapi?" inatosha. Ukiona vema, mwombe akusimamie: "Nisaidie kunitazama nikishuka, nafika usawa?" Huyo mtu akishakuwa na jina na sauti, na ukajua kwamba goti lake la kushoto humsumbua kila akikaa sana, itakuwa vigumu abaki kuwa rula. Anayejua skwoti ya 60 pia anajua kuona magoti yanayoingia ndani, na hilo utalipata bure.

Mashindano yana mahali pake

Siamini kwamba kujilinganisha ni sumu kila wakati. Tangu mwaka 1898, mwanasaikolojia Norman Triplett alipotazama rekodi za waendesha baiskeli wa Marekani, inajulikana kwamba mtu hukazana zaidi akiwa na mwenzake kuliko akiwa peke yake. Na mwaka 1965 mwanasaikolojia mwingine, Robert Zajonc, alitofautisha jambo la maana: macho ya watu huboresha kile ulichokwisha kukizoea, na huharibu kile ambacho bado unajifunza.

Kwa miezi minne, skwoti yako bado ni ya kujifunza. Kuinua chuma kutoka chini vilevile, na benchi la kifua. Haya yafanye kwa daftari, na zoezi jipya kabisa ulijifunze saa ambazo jimu ina nafasi. Jimu za Sinza, Kinondoni na Mwenge hujaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku watu wakitoka makazini. Jumamosi mchana huwa kumetulia. Lakini baiskeli ya mazoezi, kuruka kamba, kukaza mwili kama ubao ukiegemea mikono na vidole vya miguu, seti ya mwisho ya mashine ya miguu yenye kizuizi cha usalama: hapo shindana unavyotaka, hata na huyohuyo dada. Kwenye skwoti huru au benchi bila mtu wa kukushikia, hapana.

Kwenye tredimili, mashine ya kukimbilia, kuna mtego mwingine. Watu huchungulia kasi ya jirani na kuipandisha yao. Ndani ya ukumbi wenye joto na unyevu moyo hupiga haraka zaidi kwa kasi ileile, na hupanda taratibu kadiri dakika zinavyosonga hata usipoongeza kitu. Pima kwa maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, uko kwenye mwendo wa kujenga pumzi, ukitoa neno mojamoja, umekwenda mbio. Namba ya jirani haina habari na mapafu yako.

Kioo, na lango

Hauko peke yako kwa habari ya kioo. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2003 uliwapa wanawake wasiozoea mazoezi dakika 20 za baiskeli, mbele ya kioo au bila kioo. Mbele ya kioo walimaliza wakijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo piga skwoti ukigeukia ukuta kama muundo wa chuma unaruhusu. Kama hauruhusu, chagua alama moja iliyo mita mbili mbele yako, chini kidogo ya usawa wa macho, msumari au kona ya tangazo, na jicho libaki hapo tangu unashuka mpaka umesimama. Shingo itanyooka na mgongo pia. Umbo lako lichunguze kwa futi ya fundi cherehani, kiunoni usawa wa kitovu, mara moja kila wiki nne, asubuhi kabla ya chai. Kilo za mwili hupanda na kushuka moja hadi mbili kwa siku kwa ajili ya maji na chumvi tu, zisikutishe.

Hilo la kugeuza langoni ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kuliko hata zile kilo 50. Ukigeuza, unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kugeuza tena kesho. Baada ya mwezi itakuwa huendi kabisa na utasema ni kazi. Jiwekee kiwango cha chini ambacho hakijadiliwi: ukishafika langoni, unaingia, unapasha mwili moto dakika 5, unapiga zoezi la kwanza la daftari, seti tatu, unaandika. Dakika 20. Baada ya hapo ruhusa ya kuondoka ipo. Mara nyingi hutaondoka, lakini hata ukiondoka, umeingia.

Kuhusu anachokiona yeye: watu hutazamwa kidogo kuliko wanavyodhani. Kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Cornell lililochapishwa mwaka 2000, wanafunzi waliingizwa chumbani wakiwa wamevaa fulana ya kuwatia aibu, wakakisia kuwa karibu nusu ya waliokuwamo wataiona. Walioiona walikuwa kama robo. Kwenye mapumziko yake ya dakika mbili, yaelekea dada huyo anatazama yake.

Neno moja kuhusu picha za mitandaoni, kwa kuwa kioo na simu ni ndugu. Taa ya juu kichwani hutia kivuli chini ya kila msuli, na dakika chache baada ya seti damu huujaza msuli ukaonekana mkubwa kuliko utakavyokuwa saa moja baadaye. Na kuna dawa. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwachoma wanaume testosteroni, homoni ya kiume, miligramu 600 kwa wiki, wiki 10. Waliochomwa bila kufanya mazoezi waliongezeka zaidi ya kilo 3 za mwili usio mafuta, wakati waliofanya mazoezi bila dawa waliongezeka chini ya kilo 2. Huwezi kushindana na sindano kwa ugali na dagaa. Vile vidonge vya kunenepesha makalio navyo uviogope. Watu hutumia vibaya dawa kama deksamethasoni, inayojaza mwili maji na mafuta na kupandisha sukari na presha.

Uhame?

Bado. Jimu mpya Mbezi au Mikocheni itakuwa na dada mwingine ndani ya wiki mbili, nawe utakuwa umelipa kiingilio kipya. Jipe wiki nane za daftari hapohapo Sinza, zikiwemo nne za kurudisha mgongo. Usiangalie 60. Angalia kama ile 35 ya mara 8 imefika mara 11 au 12.

Nitakuambia uhame kwa mambo haya: kama kocha wa pale huwashindanisha wageni kwa kilo au hukuwekea pleti usizoomba, kama wanaume wanasimama nyuma yako ukipiga skwoti na uongozi umeambiwa ukanyamaza, kama chuma ni kimoja, kimepinda, na hakina vizuizi vya pembeni vya kukudaka ukishindwa. Na kama baada ya wiki nane umeanza kuruka milo, au unajipima kwenye kioo mara nyingi kwa siku na mawazo hayo yanakufuata mpaka ofisini, basi hilo halihusu jimu tena. Onana na mtaalamu wa afya ya akili. Muhimbili wanayo idara yake, na daktari wa zahanati ya karibu anaweza kukuandikia barua ya rufaa.